Baridi ya Kuomba

Mtu akiuza barafu miaka kumi na saba, mtaa mzima ukamwita Barafu mpaka jina lake la cheti likasahaulika hata na mkewe, huwa hatarajii kwamba siku moja barafu hiyohiyo ndiyo itakayomtoa jasho. Lakini asubuhi ile ya Jumanne Barafu alikuwa amesimama uani, katikati ya friza zake mbili, shingo imelowa, na mkononi ameshika kichupa cha dawa kilichokuwa kigumu kama jiwe.

Alikitikisa. Hakikucheza kitu ndani. Ile dawa nyekundu ilikuwa imeshikana na kioo pande zote, na katikati imeumuka kidogo kama andazi. Akakisogeza kwenye mwanga, akakigeuza juu chini, akakirudisha vilevile. Kikabaki vilevile.

"Nimekwisha," alisema peke yake.

Kichupa kilikuwa cha mkewe. Kilisubiriwa wiki sita, kikaja kwa ndege, na kesho yake, Jumatano saa nne asubuhi, mke alikuwa atundikiwe dripu ya dawa hiyo hospitali kuu huku mashine ya joto ikiwa juu ya kifua chake, pale uvimbe uliporudi chini ya kovu la upasuaji. Maelekezo ya mfamasia hayakuwa na fumbo. Dawa ikae kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane, isipate joto, na isigande hata dakika moja. Aliyasema mara mbili, akayapigia mstari, kisha akampa Barafu kipimajoto chenye waya na fomu ya kujaza kila asubuhi na jioni.

Utauliza, hospitali kubwa namna ile haina friji? Ilikuwa nalo. Lilikufa mwezi wa pili, likawa linasubiri fundi, na fundi naye akawa anasubiri barua. Na bohari ya dawa ilifunguliwa Jumamosi tu. Kwa hiyo kila mgonjwa aliondoka na kichupa chake akakitafutie baridi mwenyewe, na kikiharibika huko, atajua mwenyewe.

Mke alikuwa amesema mapema kabisa: tuiweke kwa Muuza Soda, nyumba ya pili, ana friji la milango ya kioo lisilozima. Barafu aliposikia hivyo alicheka kicheko kisicho na furaha. Muuza Soda alikuwa mteja wake kwa miaka tisa, kisha akanunua friji lake na kumwambia mbele za watu kwamba sasa amepumzika kununua maji magumu. Tangu siku hiyo Barafu alikuwa akiliita lile friji kabati la kelele.

"Mimi nikaombe baridi?" alimuuliza mkewe. "Mimi? Hata samaki watanicheka."

Akatengeneza kasha lake la foma, akapanga vifuko vya barafu pembeni, akazungushia kitambaa, kichupa katikati. Na kusema kweli alifanya kazi safi. Jumamosi nyuzi nne. Jumapili nne, jioni tano. Akawa anatembea na ile fomu mfukoni kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Jumatatu umeme ukakatika tangu asubuhi. Sasa, umeme ukikatika ndiyo sikukuu ya muuza barafu. Wauza samaki, wauza juisi, wenye wagonjwa, wote walimiminika uani kwake, na Barafu akauza, akauza, mpaka saa saba mchana alikuwa ameuza hata vile vifuko vya akiba alivyokuwa amepanga kubadilishia kwenye kasha. Umeme uliporudi jioni kipimajoto kilikuwa kinagonga nane. Akaingiwa na hofu. Akalibeba kasha zima, akalifunua, akalitia ndani ya friza. Nusu saa tu, alijiambia, lipate nguvu. Hapohapo akaja mchuuzi wa samaki na oda ya mapipa matatu kwa kesho yake, ikabidi maji yapimwe, mikebe ipangwe, mfuniko uliovunjika utafutwe. Akala, akalala. Hayo ndiyo yaliyotokea, hakuna zaidi.

Alikitia kichupa kwapani. Hakujua la kufanya lingine, na kwapa lilikuwa karibu. Akakibana, akafumba macho, na alipoyafumbua mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumuuguza bintiye tangu matibabu yaanze. Macho yake hayakuwa mazuri, ila masikio na ulimi vilifidia.

"Mkwe wangu, mbona umesimama kama kuku mwenye baridi?"

"Najipima homa, mama."

"Na kipimio chenyewe ndicho kikubwa hivyo?"

"Vya siku hizi viko hivi, mama."

Bibi akaweka ndoo chini. Alisema alijua tu, mtu hawezi kushika barafu miaka yote hiyo baridi isimwingie mifupani, na akageuka kwenda jikoni kuchemsha tangawizi. Aliporudi na kikombe kinachofuka, dawa ilikuwa imeyeyuka. Barafu aliinywa tangawizi yote, kali kama adhabu, mama mkwe akimsimamia. Kisha akaingia chumbani, akakisimamisha kichupa dirishani na kukitazama. Kilikuwa chekundu, kimetulia, kama kilivyotoka bohari. Hungekuta tofauti hata ungelipwa.

Akachukua fomu. Jumanne, asubuhi. Akaandika nne. Mwandiko ulinyooka, na hilo ndilo lililomuudhi baadaye.

*

Saa tatu alikuwa sokoni akishusha mapipa. Mchuuzi wa samaki, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kipaza, alikuwa anagombana na mtu aliyemletea mzigo. Alimnyanyua samaki kwa mkia, akamlaza kwenye kiganja, akambonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Huyu aliganda, akayeyuka, ukamgandisha tena," alisema. "Rudi naye."

Mwenye mzigo akaapa. Akasema amtazame macho, amtazame matamvua, wapi pana kasoro? Mama akamjibu kwamba kwa macho hata maiti akioshwa vizuri anaonekana kalala. Akamning'iniza samaki juu ya meza ya bati, na maji ya rangi ya waridi yakaanza kudondoka moja moja.

"Analia huyo. Muulize Barafu, ndiye aliyenifundisha."

Na kweli yeye ndiye aliyemfundisha. Miaka mingi nyuma alisimama mbele ya meza hiyohiyo akaeleza kwa majivuno kwamba maji yakiganda polepole huota miiba, na miiba ile hutoboa nyama kutoka ndani, vijumba vyake vyote, kimoja kimoja. Ukimyeyusha samaki unamwona mzima, kumbe ni kapu. Nyanya vivyo hivyo. Maziwa vivyo hivyo. Barafu haichagui kitu, alikuwa akisema, inatoboa chochote chenye ngozi.

"Sema basi," mama alimhimiza.

Barafu alisema ndiyo, huyo si mzima. Akakusanya mapipa yake matupu akaondoka hata kabla ya kulipwa, na mchuuzi ikabidi amwite arudi.

*

Mchana mke alirudi kutoka kwenye mionzi. Ilikuwa siku yake ya kumi na tisa. Ngozi ya upande wa kushoto wa kifua ilikuwa imekuwa nyeusi, ikachubuka chini ya kwapa, na hakuweza kuvumilia kitambaa chochote kikimgusa. Lakini alikuwa mshonaji, na mshonaji hakosi njia. Alikuwa amejishonea gauni pana la pamba laini, linafunguka mbele kwa kamba tatu, ili kesho wasimhangaishe. Alikuwa amekaa kwenye cherehani akimalizia kamba ya mwisho, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alikuwa na hamu ya kuongea.

Alikuwa akimweleza mama yake dawa itakavyofanya kazi. Daktari alikuwa amemkalisha akamchorea. Mwili mzima, alisema, ni vijumba vidogo visivyoonekana, na kila kijumba kina ngozi yake nyembamba ya mafuta. Mionzi inakwenda kuichubua ngozi hiyo kwenye uvimbe, ingawa inachubua na ya jirani, ndiyo maana kifua kiko hivi. Sasa hii dawa nyekundu ni kali mno. Ikimwagwa ovyo kwenye damu inaudhuru moyo. Kwa hiyo wameifungia ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo ajabu, vya ngozi ileile ya vijumba, vinatembea kwenye damu vimefumba midomo. Vikifika pale penye mashine ya joto, pamepashwa kama maji ya kuogeshea mtoto, ngozi ya kifuko inalainika, mdomo unafunguka, dawa inamwagikia hapohapo.

"Kama ile kanvasi ya gundi ya kola," alisema. "Haishiki mpaka pasi ipite."

"Na kikifumuka njiani?" mama yake aliuliza.

"Hakifumuki, mama. Ndiyo maana inalindwa. Si ndivyo, baba watoto?"

Barafu alikuwa ameegemea mlango. Alisema ndivyo.

"Nilikukera bure na habari za Muuza Soda," mke aliendelea, akikata uzi kwa meno. "Umeitunza kuliko mimi. Unajua, tangu mwaka jana nimekuwa mzigo. Lala huku, geuka kule, fungua, funga, rudi kesho. Hii ndiyo mara ya kwanza naona kitu kimefikiriwa. Nikiipata hii na isipofaa, basi, lakini angalau niipate."

Hapo Barafu aliita "Mama watoto," na mke akainua uso. Ulikuwa uso uliokonda, lakini ulikuwa umetulia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni kabisa, matatu tu, dawa iliganda jana, na yakakataa kutoka. Mama mkwe akawahi kusema kwamba mumeo ana homa, tangu asubuhi anajipima, mwache akalale. Mke akamtazama kwa huruma.

"Homa? Basi usilale karibu yangu. Damu yangu iko chini, unajua."

Usiku huo Barafu akalala sebuleni kwenye mkeka, mtu mzima, akiwa mzima wa afya.

*

Hospitali walifika saa mbili. Karani aliitaka barua ya rufaa, kisha akaitaka nakala yake, kisha akasema muhuri wa nakala umefifia warudi waugonge upya. Waligonga upya. Kwenye dirisha la famasi mfamasia alilifungua kasha, akakiinua kichupa kwenye taa, akakizungusha taratibu. Barafu aliomba kimoyomoyo aone kitu. Chembe. Povu. Chochote. Aone yeye, aseme yeye.

"Safi kabisa," mfamasia alisema, kisha akaichukua fomu. "Nne, nne, tano, saba, nane, nne, nne. Ningekuwa na watu kama wewe kumi nisingekuwa na presha. Unafanya kazi gani, mzee?"

"Nauza barafu."

"Ndiyo maana," mfamasia alisema, akagonga muhuri.

Walipofika mlango wa chumba cha joto, mke, kwa wema wake tu, akamwambia muuguzi kwamba mumewe alikuwa na homa jana, je, anaruhusiwa kuingia? Muuguzi hata hakumaliza kusikiliza. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye benchi la mbali, mwisho wa ukumbi, kama anayefukuza mbuzi. Mwenye homa haingii. Wagonjwa wa humu wakipata mafua wanakufa. Mlango ukafungwa, na Barafu akabaki ukumbini na kasha tupu.

Alikaa dakika tano. Akasimama, akagonga. Muuguzi akafungua kiasi cha pua.

"Dada, nina neno kuhusu dawa."

"Dawa imekaguliwa."

"Najua, lakini..."

"Baba, kaa kule. Nimekwambia homa."

"Sina homa."

"Mkeo kasema unayo. Yeye mgonjwa aongope ili iweje?"

Mlango ukafungwa. Alirudi kwa mfamasia, akakuta dirisha limeshushwa pazia na kibao kinasema anarudi baada ya nusu saa. Akamwendea karani, akamwambia ana jambo la haraka kuhusu dawa ya mgonjwa. Karani alimuuliza kama ni malalamiko au ni pongezi. Barafu alisema si yoyote kati ya hayo. Karani akasema basi hayo mengine ni dirisha la tano, na aende na fomu. Dirisha la tano lilikuwa na foleni ya watu kumi na wawili, na aliyekuwa wa mbele alikuwa anabishana kuhusu kitanda.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakapiga mluzi. Akawakasirikia wote: karani, mfamasia, fundi wa friji asiyekuja, mama mkwe na tangawizi yake. Aliwapitia mmoja mmoja, na walipokwisha hakubaki mwingine wa kumkasirikia ila mtu aliyeshika kasha la foma. Alimkumbuka mkewe akisema moyo. Uvimbe ulikuwa kushoto. Mionzi yote kumi na tisa ilipita kushoto, kando ya moyo huohuo.

Mlango ukafunguka. Akatoka fundi wa mashine ya joto, kijana mrefu mwenye jagi, anakwenda kuongeza maji ya ule mfuko unaolazwa juu ya ngozi isiungue. Hakuufunga mlango nyuma yake. Barafu hakugonga tena. Aliingia.

Mke alikuwa amelala chali, gauni limefunguliwa kamba zote tatu, kifua kilichoungua kiko wazi chini ya taa, na mkono wa kulia umenyooshwa. Dripu ilikuwa imetundikwa. Ule wekundu ulikuwa unashuka kwenye mrija, taratibu, na ulikuwa umebakiza shibiri moja kufika kwenye sindano.

"Funga hiyo," Barafu alisema. "Iliganda."

Muuguzi aligeuka na mdomo wazi kumfokea, lakini vidole vyake vilikuwa na akili kuliko mdomo. Vilienda kwenye kibanio cha mrija vikakibana. Wekundu ukasimama.

Daktari, mwanamke mdogo wa umri mwenye miwani, alitoka nyuma ya mashine. Aliuliza iliganda lini, kwa muda gani, iliyeyushwaje. Barafu akajibu yote. Alipofika kwenye kwapa muuguzi aligeukia ukutani. Daktari akauchomoa mrija, akalikunja lile furushi jekundu lote na kulitia kwenye ndoo ya njano, na mfuniko ukalia tap. Wiki sita zikaingia ndooni.

Mke alivuta upande mmoja wa gauni akajifunika.

"Na ile nne?" aliuliza.

"Niliandika tu."

"Na homa?"

"Sikuwa na homa."

"Jana uliponiita. Ulitaka kuniambia hili?"

"Ndiyo."

"Nikakwambia kalale, nawe ukaenda kulala."

Barafu alitaka kusema kwamba aliogopa, kwamba uso wake ulikuwa umetulia na hakutaka kuuvunja, lakini hata yeye alisikia maneno hayo yangekuwa mepesi kiasi gani mbele ya kifua kile.

"Wote mnanificha kwa kunihurumia," mke alisema. Sauti yake haikupanda. "Wa hapa wananificha kwa lugha yao, wewe unanificha kwa fomu. Mwili ni wangu, mimi ndiye wa mwisho kujua. Toka nje, baba watoto."

Akatoka. Daktari alimfuata ukumbini. Hakumfokea, na ingekuwa heri angemfokea. Alimwambia wataendelea na joto peke yake, kwa kuwa ngozi za vijumba vya uvimbe zimechubuliwa na mionzi ya jana, na joto likizikuta hivyo zinapata tabu kujirekebisha. Si kazi bure. Ila si kile walichokusudia. Dawa nyingine itaagizwa leo, na safari yake ni wiki sita kama kawaida.

"Na uvimbe utasubiri?" Barafu aliuliza.

Daktari alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Sijui," alisema. "Wewe si wa kwanza. Mmoja aliitumbukiza kisimani kwa kamba. Mwingine aliiweka chini ya mtungi. Nimeandika barua nne kuhusu hilo friji. Ningekuwa naweza kukugombeza peke yako ningejisikia nafuu."

Mfamasia naye alipita, amekwisha kusikia. Alimwambia mzee, si ungesema tu pale dirishani. Barafu alimtazama yule kijana aliyempongeza na kumgongea muhuri, akaona hata kumkasirikia hawezi, maana safari hii alikuwa na haki.

*

Mke alitoka baada ya saa moja na nusu, uso umelowa jasho, gauni limeshika mgongoni. Barafu alibeba kasha. Walipofika mtaani mke hakupinda kwenda nyumbani. Alipitiliza mpaka kibandani kwa Muuza Soda, akasimama pembeni kwenye kivuli, akashika nguzo.

"Omba," alisema.

Wateja walikuwa watatu. Barafu alingoja wahudumiwe. Wakaja wengine wawili, na Muuza Soda, aliyekuwa amekwisha kumwona tangu zamani, akawahudumia nao, akawarudishia chenji pole pole, akawafungulia chupa, akawauliza habari za nyumbani. Ndipo akaegemeza viwiko mezani.

"Leo kabati la kelele limekumbukwa?"

"Shikamoo, dada," Barafu alisema. Muuza Soda hakumzidi umri hata kwa mwaka mmoja.

Muuza Soda alishtuka kidogo. Akamtazama yeye, kisha akamtazama mke nguzoni, gauni lake la kamba, na jinsi alivyouweka mkono mbali na ubavu. Tabasamu likaondoka.

"Naomba nafasi," Barafu alisema. "Kwenye friji lako. Ya kichupa kimoja. Kitakuja baada ya wiki sita, na kitakaa siku nne. Changu kiliganda kwangu. Nilikigandisha mimi."

Aliyasema yote, wateja wawili wakisikiliza na chupa midomoni, na kesho yake mtaa mzima ungekuwa unajua. Muuza Soda alifungua mlango wa kioo, akatoa soda zote za rafu ya katikati, akazipanga sakafuni, akaifuta rafu kwa kitambaa.

"Kisiguse ukuta wa nyuma," alisema. "Pale nyuma panaganda. Chupa zangu tatu zilipasuka mwezi wa kwanza. Leteni hicho kipimajoto tuanze kuangalia leo, tusije tukajuana na friji siku ya mwisho."

Barafu, miaka kumi na saba ya baridi, hakuwa amejua kwamba ukuta wa nyuma wa friji la kioo unagandisha. Akakitoa kipimajoto kwenye kasha, akakilaza katikati ya rafu tupu, akarudisha mlango taratibu.

Tangu siku hiyo alikuwa akienda kila asubuhi kabla ya kufungua friza zake. Watu wanaonunua soda walikuwa wakiuliza ile rafu ya katikati mbona haina kitu, na Muuza Soda akawa anawajibu kwamba ina mwenyewe. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mionzi ikamalizika. Ngozi ya mke ikaanza kuota upya pembeni pembeni, laini na ya rangi nyingine, lakini chini yake, alipojipapasa akidhani haonekani, kile kivimbe kilikuwapo palepale. Barua ya bohari haikuwa imekuja.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu Barafu alirudi akamkuta amekaa kwenye cherehani, amempa mgongo.

"Leo ngapi?" mke aliuliza bila kugeuka.

"Nne."

Cherehani ikasimama.

"Kweli?"

Barafu alikuwa amekiona kipimajoto kwa macho yake, hata dakika mbili hazijapita. Akavaa viatu vyake tena, akaenda kutazama upya.